Watoto Wetu Wasimalize Winta Wakiwa Ukutani

Haya ni maneno niliyoyasema mwezi Novemba kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Brooklyn Park, Minnesota, Marekani. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile.

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, akina mama na akina baba, hamjambo. Naona humu kuna Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi, na ndugu zetu Wasomali waliokulia Mombasa na Dadaab. Asanteni kwa kuja, maana najua wengine mmetoka zamu ya usiku na bado hamjalala.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka sita sasa ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi. Baada ya chakula cha mchana kazi yangu ni kusimama kiwanjani na kuwaangalia watoto wakati wa mapumziko. Nimekuja kuwaeleza kitu ninachokiona pale tangu Novemba hadi Aprili. Nyinyi wakati ule mko kazini, hamwezi kukiona, na mtoto akirudi nyumbani hakisemi.

Kiwanja kina sehemu mbili. Karibu na ukuta kuna lami. Mbele yake kuna uwanja wa nyasi na kilima kidogo. Theluji ikishaanguka, sheria ni moja: mwenye buti na suruali ya theluji, ile isiyopitisha maji, anakwenda kilimani, asiye navyo anabaki kwenye lami. Sheria hiyo siilaumu. Mtoto akigaagaa kwenye theluji na suruali ya jinzi, atakaa darasani amelowa mpaka basi la jioni. Basi filimbi ikilia, watoto wanatimka kama kumbikumbi baada ya mvua. Na ukutani wanabaki kumi, siku nyingine kumi na tano. Wameingiza mikono ndani ya mikono ya sweta, wameegemea matofali upande ule jua linapopiga, wanawatazama wenzao. Dakika ishirini nzima. Na ninapowaita majina, ndugu zangu, yanakuwa ni majina ya kwetu.

Kuna mvulana mmoja wa darasa la pili. Winta iliyopita alisimama ukutani tangu theluji ya kwanza hadi katikati ya Januari. Siku moja nikamwendea, nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, mbona huchezi?" Akanijibu taratibu, "Mama amesema baridi itaniingia kifuani." Nikampigia mama yake simu jioni. Mama mwenye huruma, mchapakazi, ana watoto wanne. Barua ya shule kuhusu nguo aliipata, ila ilikuwa ya Kiingereza, na ile "suruali ya theluji" aliidhania ni jinzi nzito tu. Alikuwa amemnunulia jinzi mbili.

Shule ina kabati la nguo za akiba. Kesho yake nikamtolea suruali, nikapiga magoti kumvalisha, kwanza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, nikamfunga mikanda ya mabegani. Alinyamaza kimya wakati wote. Alipofika kilimani hakukimbia. Alilala chali kwenye theluji, akanyoosha mikono, akawa anatazama juu. Nilisogea haraka nikidhani ameumia. Kumbe alikuwa anacheka.

Kwa sababu ya mtoto yule niliomba nafasi hii ya kuzungumza.

Nawaambieni nilichokiona kwa miaka sita: watoto wetu hawaiogopi baridi. Tunaoiogopa ni sisi. Na tuna sababu. Tumekulia mahali ambapo jua halikukosekana, tukashuka kwenye ndege na koti la kuazima. Wengi wetu baridi ya kwanza ilitupata kituo cha basi, alfajiri, viatu vya raba miguuni, tukielekea kazini. Mtu aliyeijua theluji kwa njia hiyo ataipendaje? Lakini mtoto hakuijua hivyo. Yeye akiiangalia dirishani anaona mchanga wa kuchezea. Sisi tunavuta pazia, tunaongeza hita, tunampa simu ili atulie. Anatulia kweli. Anatulia miezi mitano.

Hiyo miezi mitano ndiyo ninayoizungumzia. Minneapolis, mji mkubwa jirani yetu, iko nyuzi 45 kaskazini, yaani nusu ya njia kutoka ikweta hadi ncha ya dunia. Kwetu Muheza jua linazama karibu saa 12 na nusu, na mwaka mzima linapishana karibu nusu saa tu. Hapa mwishoni mwa Desemba linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu. Mtoto anashuka kwenye basi la shule, mwanga uliobaki ni wa saa moja au chini ya hapo. Akiingia ndani, viatu vikivuliwa, siku imekwisha. Kwa hiyo zile dakika ishirini za mapumziko, kwa mtoto wa winta, ni karibu mwanga wake wote wa siku. Ndiyo maana inaniuma akizimalizia ukutani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili mpaka moyo uende mbio. Wadogo wa mwaka 1 hadi 4, kwa mwongozo wake wa 2019, wanahitaji dakika 180 za kujongea kwa namna yoyote, na wale wa miaka 3 na 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka. Sisi tulipokuwa wadogo hakuna aliyetuhesabia dakika. Ulikwenda kisimani, ukachunga mbuzi, ukatembea kwenda shule na kurudi, jioni ukacheza kombolela mpaka ukaitwa kwa jina lako lote. Mwili wa mtoto haujabadilika. Yaliyobadilika ni mazingira yake. Hapa ni basi, dawati, basi, kochi. Halafu tunashangaa usingizi haumjii saa 3 usiku, anagombana na dada yake, mwalimu anapiga simu kwamba darasani hatulii.

Sasa hili la kifuani, kwa sababu najua ndilo lililo mioyoni mwa akina mama na bibi zetu. Nawaheshimu. Bibi yangu mwenyewe alinipaka mafuta ya nazi kifuani kila kipupwe. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi vinapita kutoka mtu hadi mtu, hasa watu wakibanana ndani madirisha yamefungwa. Mtoto aliyevaa vizuri akacheza nje nusu saa hapati nimonia kwa sababu ya kucheza nje.

Ila wako watoto ambao kweli baridi inawadhuru. Mwenye sikoseli, au selimundu kama wengine mnavyoiita, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Kwetu pwani, kanda ya Ziwa na Kongo ugonjwa huu upo katika familia nyingi, na walimu wa hapa wengi hawajawahi kuuona. Mtoto huyo asilowe, asikae nje muda mrefu, anywe maji ya kutosha. Muulizeni daktari wake mipaka yake ni ipi, kisha shule iandikiwe, msiseme kwa mdomo tu. Mwenye pumu naye, hewa baridi na kavu inaweza kumbana. Afunike mdomo na pua kwa skafu, na dawa yake ya kuvuta iwe na muuguzi wa shule, isibaki kwenye droo nyumbani. Watoto hawa nao wanahitaji kucheza. Wanahitaji kuchezeshwa kwa akili.

Na kuna siku ambazo hakuna mtoto anayepaswa kutoka. Angalieni upepo, msiangalie kipimo cha joto peke yake. Ikiwa ni sifuri ya Fahrenheit, yaani kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na upepo unakwenda maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Shule nyingi hapa huacha kutoa watoto nje hata kabla baridi haijafika hapo. Ngozi yetu nyeusi ikianza kuganda haiwi nyekundu kama wanavyochora kwenye mabango. Inapauka, inakuwa kama imepakwa majivu, inakuwa ngumu, na mtoto anasema hasikii kitu. Tazameni masikio, pua, mashavu, ncha za vidole. Mwingizeni ndani, sehemu iliyoganda itieni kwenye maji ya uvuguvugu. Msisugue, msiweke karibu na hita, kwa sababu hasikii moto na ataungua. Ganzi isipotoka, mpelekeni hospitali. Lakini hesabuni siku za namna hiyo katika winta nzima. Ni chache. Siku nyingi zinazobaki ni siku za kutoka.

Tuje kwenye nguo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapokosea.

Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, isiwe ya pamba. Pamba ikinywa jasho haikauki upesi, na unyevu ule unaufyonza mwili joto. Iwe ya sufu laini au ile ya michezo inayokauka haraka. Juu yake sweta nzito. Juu kabisa koti na suruali ya theluji visivyopitisha upepo wala maji. Soksi moja nene ya sufu. Ukimvalisha soksi tatu ndani ya buti inayombana, damu haipiti na miguu inapoa zaidi. Glovu za mtoto ziwe zile za fumba, ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vinapashana joto. Na tafadhalini sana, wekeni jozi ya pili kwenye begi. Jozi ya kwanza itarudi imelowa, au itarudi moja.

Wafundisheni mpangilio wa kuvaa, wenye watoto wa chekechea hasa. Choo kwanza. Kisha suruali ya theluji, buti, koti, kofia, na glovu mwisho kabisa. Akianza na glovu hawezi kufunga zipu, anasubiri mtu mzima, na mimi nina watoto ishirini wanaosubiri zipu. Wengine wanatoka mapumziko yakiwa yamebaki dakika saba. Mfanyieni mazoezi nyumbani Jumapili jioni, mhesabieni kama mashindano. Mtoto anayejua kujivalisha anapata dakika zake zote.

Na nikiwa hapohapo kwenye makoti: kwenye gari, mtoto wa kiti cha usalama asifungwe mkanda juu ya koti nene. Likibonyea kwenye ajali mkanda unabaki umelegea. Mvueni, mfungeni, kisha mfunikeni koti kwa mbele.

Najua mnachowaza: hela. Nguo hizi mpya ni ghali na mtoto anakua kama mgomba. Lakini nani kati yetu hajui mitumba? Maduka ya nguo kuukuu ya hapa yana suruali za theluji ambazo zimevaliwa winta moja tu. Nunueni Aprili na Mei, wenyeji wakiwa wanazitoa majumbani, na mnunulie namba moja mbele. Mwulizeni mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa shule, kabati za nguo zipo na hazina maswali mengi. Kuomba suruali ya mtoto si aibu. Ile inayofunguliwa mikanda mabegani na kuongezwa miguuni inapita kwa watoto wawili, hata watatu. Ya kwangu sasa iko kwa mtoto wa jirani.

Kuna mtu nataka niwakumbushe, hasa nyinyi mliotoka Bonde la Ufa. Philip Boit, mzaliwa wa upande wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Theluji hakuijua kabla ya 1996, alipopelekwa Finland kujifunza kuteleza kwa skii. Miaka miwili tu baadaye, Februari 1998, yuko Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, namba 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amefika dakika ishirini nzima kabla yake, lakini alibaki kwenye mstari akimngoja Mkenya yule, sherehe ya medali ikasubiri, na alipofika akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kisha akashindana tena 2002 na 2006. Mtu mzima, mkimbiaji wa Eldoret, alianza kujifunza theluji kama mtoto mchanga anayejifunza kutembea. Hapa kwetu, Theodore Wirth Park, dakika chache kwa gari kutoka ukumbi huu, Februari 2024 palifanyika mashindano ya Kombe la Dunia ya skii hizohizo. Dunia nzima inakuja kucheza kwenye bustani ambayo sisi tunaipita tukiwa tumefunga vioo.

Sisemi muwatafutie watoto skii. Anzeni na kilima. Waliokulia pwani mnakumbuka karara la mnazi: mmoja anakaa, wawili wanamburuta, vumbi linatimka. Kule kwetu tuliteremka kilimani juu ya magome ya migomba mpaka kaptula zikatoboka. Sleji ni kitu kilekile, na ya plastiki haina bei kubwa. Mtoto akae, asilale kifudifudi, miguu itangulie, na kama ana kofia ya baiskeli avae. Kilima kisiishie barabarani, kwenye miti wala ziwani. Na kuhusu ziwa sisiti kusema kwa ukali: asikanyage barafu bila mtu mzima anayeijua. Idara ya maliasili ya jimbo inataka barafu mpya, angavu, yenye unene usiopungua inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, na hakuna anayeweza kuupima kwa macho akiwa ukingoni. Wanaotaka kuteleza kwa viatu vya barafu waende viwanja vya mji. Kadhaa vina chumba cha kuotea joto na viatu vya kuazima.

Siku za kukaa ndani, tusikimbilie kusema hakuna nafasi. Fleti yangu ina vyumba viwili. Tunacheza "nyama nyama": mmoja anataja mnyama, kama analiwa unaruka, kama haliwi unabaki umesimama, ukikosea unatoka. Tunacheza simama-kaa. Tunaruka kamba kwenye korido kama msimamizi wa jengo ameruhusu. Mdako unakaa kwenye zulia, hautoi jasho jingi, ila mikono inapata kazi. Jirani wa chini aliwahi kugonga dari kwa fimbo ya ufagio mpaka wanangu wakaogopa kutembea. Nikashuka na sahani ya maandazi, tukakubaliana: saa 11 hadi saa 12 jioni watoto waruke, baada ya hapo kimya. Tangu siku ile hajagonga. Vituo vya bustani za mji vina saa za ukumbi wa wazi, na YMCA, kituo cha mazoezi na michezo, ina punguzo kwa familia zenye kipato kidogo, fomu ninazo hapa na nitawasaidia kujaza kwa Kiswahili.

Jambo moja la afya nisilisahau. Kutoka nje kuna faida nyingi, lakini vitamini D wakati wa winta haitokani na jua hili. Liko chini mno, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ya nyeupe. Madaktari wa watoto wa hapa wanapendekeza yuniti (IU) 400 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na 600 kwa aliyezidi mwaka. Inapatikana kwenye maziwa yaliyoongezwa vitamini, samaki wenye mafuta, au matone. Ulizeni kliniki kabla ya kununua.

Sasa nimalizie na kazi yenyewe. Najua kwa nini hamuwatoi nje hata mnapotaka. Baba ana zamu, mama ana zamu, na maegesho ya jengo yana barafu na magari. Mtoto hawezi kutolewa peke yake. Lakini sisi tunajua kuchanga. Mtanzania anauita upatu, Mkenya chama, Mkongomani likelemba, Msomali ayuuto. Tunachanga dola, kila mwezi mmoja anapokea. Nataka tuchange Jumamosi. Familia sita, kila Jumamosi wazazi wawili wanatoka na watoto wote kwa saa moja na nusu, wengine wanalala au wako kazini. Kila familia inatoka mara moja kwa wiki tatu. Sisi wazazi watatu tulianza hivyo winta iliyopita, na mvulana yule niliyewaambia alikuja kila Jumamosi. Mama yake amekaa pale mstari wa pili, na mwaka huu yeye ndiye anayeongoza kundi la kwanza.

Pale mlangoni kuna meza. Kuna karatasi tatu, andikeni jina la familia, idadi ya watoto na umri, na kama kuna mwenye sikoseli au pumu. Kuna masanduku mawili ya suruali za theluji na glovu, chagueni kabla hamjaondoka, na mwenye za akiba alete. Kundi la kwanza ni Jumamosi hii, saa 5 asubuhi, kwenye kilima nyuma ya maktaba. Chai ya tangawizi nitaleta mimi. Leteni vikombe.